Picha ya Ubongo: Je, Kila Mtu Aambiwe?

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, upande uliotetea hoja kwamba mgonjwa aambiwe kila kitu ulishinda kwa makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, na hadi leo sijashawishika. Nitasema hapa yale ambayo kengele ilinikatiza kabla sijayasema.

Twende mbali kidogo, hadi Kolombia. Katika milima ya Antioquia kuna ukoo mkubwa, watu wapatao 6,000, ambao baadhi yao hupoteza kumbukumbu wakiwa bado na nguvu za kulima. Kusahau huanza mtu akiwa na miaka 44 hivi, na akifika 49 akili imeshavurugika. Zamani wenyeji wengine walidhani ni laana. (Tusiwacheke. Kwetu mzee akipotea njia usiku akakutwa uani pa jirani, eti ni mchawi! Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi.) Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, aliufuatilia ukoo huo kwa miaka mingi, na mwaka 1995 ikajulikana kuwa chanzo ni kasoro katika jeni moja tu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Sasa picha zenyewe. Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, mna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, imejikunja kama yule samaki wanayemwita farasi wa bahari. Mambo mapya hupitia hapo ndipo yawe kumbukumbu. Watafiti waliwachukua vijana 44 wa ukoo huo, wenye umri wa miaka 18 hadi 26, wazima kabisa. Waliwalaza ndani ya mashine yenye sumaku kali, wakawaonyesha nyuso na majina ya kukariri. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wale wenye jeni mbovu hawakuwa nyuma ya wenzao katika majaribio ya kumbukumbu, lakini hipokampasi yao ya kulia ilikuwa ikifanya kazi zaidi. Yaani karibu miaka ishirini kabla ya ugonjwa, ubongo tayari unahangaika! Kwa kweli, niliposoma hayo nilijipapasa kichwa.

Picha hizo zililinganisha kundi na kundi. Anayetaka kujua hali yake mwenyewe hupimwa jeni. Lakini vijana wale hawakuambiwa nani anayo na nani hana, na hapo ndipo wapinzani wangu wangepiga kelele kuwa wamedanganywa.

Wamedanganywa vipi, mbona walikubali wenyewe? Wenzangu walitaja UKIMWI: pima ujue hali yako. Sawa, ukijua una virusi unapewa dawa na unaishi. Huko Antioquia dawa iliyoanza kujaribiwa mwaka 2013 ilitoa majibu mwaka 2022, na haikuonyesha kuuzuia ugonjwa. Basi kijana wa miaka 19 aambiwe ili afanye nini? Aache shule? Tena yuko mwanamke mmoja wa ukoo huohuo, habari zake zilitolewa mwaka 2019. Alikuwa na jeni hiyo, lakini akili yake ilidumu hadi alipopita miaka sabini, kwa kuwa alikuwa na badiliko jingine la jeni lililomkinga. Huyo angeambiwa akiwa msichana, angeishi miaka hamsini akingoja msiba usiofika.

Jambo moja linanishinda. Je, akitaka kuoa au kuolewa? Mchumba naye ana haki yake, na hapo upande wa pili walinibana, sikuwa na jibu. Nadhani aulizwe mwenyewe kama anataka kujua, na akisema hapana asisumbuliwe.

Ingekuwa mimi, ningelala ndani ya mashine hiyo wapige picha zao zote, maana wadogo zangu huenda zikawafaa. Kisha ningewaomba waifungie yangu kabatini. Labda nikifika miaka thelathini ningekwenda kuiulizia.