Pikipiki inayovuja petroli isilale chumba kimoja na watoto

Msomaji wa safu hii kutoka Katoro, mkoani Geita, mama wa watoto watatu, ameuliza swali ambalo naamini linazihusu nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa. Mume wake ana Honda XL ya zamani aliyoachiwa na baba yake. Tangi linavuja. Kila asubuhi kuna doa la petroli sakafuni, nyumba inanuka, na mtoto wa pili analalamika kichwa kinamuuma. Baba anasema ni matone tu, na akipata hela mwisho wa mwezi atalipeleka tangi kwa mchomeleaji. Mama anataka kujua mambo mawili: je, harufu hiyo ina madhara kwa watoto, na je, ni salama kuchomelea tangi la mafuta?

Jibu fupi ni kwamba harufu hiyo ina madhara, na kuchomelea tangi ambalo halijaandaliwa ni hatari kubwa kuliko kule kuvuja kwenyewe. Tuliangalie jambo hili taratibu.

Pikipiki hizi wengi tunazijua. Ni zile Honda XL na Yamaha AG zilizokuja na miradi, misheni na ofisi za serikali, zikampeleka bwana shamba vijijini na mganga kwenye zahanati. Nyingine bado zinafanya kazi Shinyanga, Kahama na Geita, kwa sababu injini zake ni ngumu na mafundi wanazielewa. Lakini tangi la chuma lililokaa miaka 30 lina kutu. Na kwa kuwa wezi wapo, hakuna anayeacha pikipiki nje usiku. Inaingizwa sebuleni. Kwenye miji ya machimbo, ambako familia nyingi zinapanga chumba kimoja, inaingizwa mle mle wanamolala na kupikia.

Mvuke wa petroli hukaa chini

Petroli huanza kugeuka mvuke mara tu inapokutana na hewa, hata bila jua. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kutokea dirishani kama moshi wa jiko. Hushuka, ukatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe za chumba.

Sasa fikiria sakafuni kuna nini usiku. Kuna godoro la watoto. Kuna mtoto anayetambaa. Mara nyingi kuna jiko la mkaa lenye makaa ambayo hayajazimika, au kibatari umeme ukikatika. Baba aliyesimama mlangoni anaweza kusema harufu ni ndogo, kumbe aliyelala chini anavuta hewa yenye mvuke mwingi zaidi. Mtoto pia hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo kwa uzito wake mdogo anavuta sumu nyingi zaidi.

Dalili za kuvuta mvuke huo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na macho kuwasha. Mtoto anayeamka na kichwa na kupata nafuu akitoka nje, mwondoe kwanza kwenye harufu. Kisha mpeleke kituo cha afya apimwe, kwa kuwa kichwa kinaweza pia kuwa cha malaria au homa nyingine, na si vizuri kukisia. Zaidi ya hayo, ndani ya petroli kuna benzini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka benzini kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya damu. Usiku mmoja wa harufu si sababu ya kuogopa saratani. Lakini hakuna sababu ya kumlaza mtoto kwenye mvuke huo mwezi mzima kwa kusubiri mshahara.

Kuna jambo jingine ambalo tumelizoea: mtoto kukalishwa mbele, juu ya tangi, baba akimpeleka shule. Tangi likiwa linavuja kwenye mfuniko au kwenye mshono, kaptula ya mtoto inaloa. Petroli ikikaa kwenye ngozi huiunguza kama dawa kali, hata bila moto. Na nguo iliyoloa petroli ikipita karibu na moto wowote, hakuna muda wa kuivua.

Tafuta kwanza panapovuja

Kabla ya kulilaumu tangi, hakikisha ni tangi kweli. Fundi mmoja mkongwe wa Shinyanga mjini niliyemuuliza anasema pikipiki nyingi zinazoletwa kwake kwa madai ya tangi kutoboka, tangi ni zima. Kinachovuja ni koki ya mafuta, ambayo washa zake za mpira zimekauka kwa umri, au ni mpira unaoshuka kwenye kabureta. Hivyo vinabadilishwa kwa muda mfupi, bila moto wowote.

Njia yake ya kupima ni rahisi. Pikipiki ikiwa nje na injini imepoa, anafuta tangi na koki hadi pakauke, kisha anapaka vumbi la chaki au unga mkavu chini ya tangi na kuzunguka koki. Akisubiri kidogo, pale panapovuja panajionyesha kwa kuloa.

Ikiwa ni tangi, mara nyingi tundu liko sehemu ya chini. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo maji yoyote yaliyoingia hutulia chini na kula chuma kutoka ndani. Maji hayo hutokana na unyevu wa hewa au na petroli ya chupa iliyochanganyika. Ndiyo maana tangi linaweza kung'aa kwa rangi nje, kumbe ndani limeoza. Sehemu nyingine ni pale tangi linaposhikwa na fremu, ambapo mtikisiko wa barabara za changarawe hupasua mshono.

Sabuni ya mche ikipakwa kwenye tundu huzuia petroli kwa muda, na madereva wengi wanaijua mbinu hiyo. Itakufikisha gereji, lakini si tiba ya mwezi mzima.

Tangi tupu ndilo la kuogopa

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu anamwaga petroli yote, anatikisa tangi, anasikia halina kitu, analipeleka kwa mchomeleaji akiamini hatari imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Petroli ya maji haiungui ndani ya tangi lililojaa kwa kuwa hakuna hewa. Kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi "tupu" limejaa mchanganyiko huo. Kwa tangi la lita 10, petroli isiyojaza kijiko kimoja cha chai inatosha kulifanya lilipuke. Kiasi hicho hubaki kirahisi ndani ya kutu na kwenye mikunjo ya mshono. Na petroli haihitaji joto ili kutoa mvuke wa kuwaka. Hutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze jua la Shinyanga.

Watanzania tuna kumbukumbu ya jinsi petroli isivyosubiri. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, wakiwemo madereva wa bodaboda. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, wengine baada ya siku nyingi za mateso hospitalini. Tangi la pikipiki ni dogo sana ukilinganisha na lori, lakini mchomeleaji huwa ameinama juu yake, uso ukiwa karibu kabisa.

Kwa hiyo, baba kabla hajaacha tangi kwa fundi, aulize maswali matatu.

La kwanza: utaliosha vipi? Jibu linalotakiwa ni kwamba koki na mfuniko vitatolewa, tangi litaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, si mara moja bali mara kadhaa, kisha litaachwa wazi likauke. Fundi akisema atalipuliza tu kwa upepo au litakauka lenyewe, chukua tangi lako uondoke.

La pili: wakati wa kuchomelea, ndani kutakuwa na nini? Fundi makini hujaza maji hadi karibu kabisa na tundu, akiwa amelilaza tangi ili tundu liwe juu, mfuniko ukiwa wazi mvuke wa maji upate pa kutokea. Hivyo hakuna nafasi ya petroli na hewa kukutana.

La tatu: je, ni lazima kutumia moto? Kwa tundu dogo la kutu, mara nyingi si lazima. Zipo gundi za chuma za mirija miwili inayochanganywa, na nyingine zimetengenezwa kuhimili petroli. Soma maelezo kwenye pakiti. Rangi inakwanguliwa hadi chuma kionekane kinang'aa, mafuta yanafutwa, gundi inapakwa na kuachwa ikauke kabisa, kwa kawaida siku nzima. Tangi lililooza sehemu kubwa halizibiki kwa gundi wala kwa moto. Hilo linabadilishwa.

Na kazi hii isifanyiwe uani watoto wakitazama. Watoto hupenda cheche.

Usiku wa leo

Hela ya fundi huenda haipo leo, lakini haya hayahitaji hela nyingi. Pikipiki inayovuja ilale nje, ndani ya uzio, ikifungwa kwa mnyororo kwenye mti au nguzo, mbali na jiko. Ikiwa hapana usalama kabisa, mwage petroli nje, mchana, kwa kuchomoa mpira wa kabureta na kuielekeza kwenye dumu la mafuta lenye mfuniko, kisha uache pikipiki nje mfuniko wa tangi ukiwa wazi kwa muda kabla ya kuiingiza. Hata hapo, isiingie chumba chenye jiko au kibatari.

Usinyonye petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Usiimwage chooni, maana mvuke hukaa shimoni ukimsubiri mtu atakayeingia na sigara au kibatari. Na usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara zetu, na mtoto mwenye kiu haangalii rangi wala hasomi lebo.

Likitokea

Mtoto akinywa petroli, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula, ingawa wazee wetu walitufundisha hivyo kwa nia njema. Petroli ikiwa tumboni hudhuru, lakini ikipanda na kuingia kwenye mapafu ndiyo huua, na kutapika ndiyo njia yake. Mvue nguo zilizoloa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anacheza. Kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Nguo zikishika moto, mlaze mtoto chini, mfunike kwa blanketi zito lisilo la nailoni na umbiringishe. Petroli inayowaka sakafuni izime kwa mchanga, maji yataisambaza. Kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, huku sehemu nyingine ya mwili ikifunikwa asipate baridi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Usivute nguo iliyoganda kwenye ngozi. Funika kidonda kwa kitambaa safi na uende hospitali, hasa kama kimezidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au kiko usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye maungio. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haina malipo.

Mweleze mwenzako haya kwa utulivu, bila ugomvi. Pikipiki ya urithi ina heshima yake, na baba anayeitunza hakosei. Anachoombwa ni kuitoa chumbani leo, na kumuuliza fundi maswali matatu kabla moto haujawashwa.