Mwandishi wa Ireland Ukambani: nani amlipe, nani asome naye?

Kikao ambacho mwandishi anasoma kitabu chake kwa sauti, kisha anaulizwa maswali, nchini Kenya ni jambo la Nairobi. Jarida la Kwani?, lililoanza 2003, na baadaye tamasha la fasihi la Macondo, lililoanza 2019, yamewazoesha watu wa jiji. Mkazi wa Kitui au Wote anayetaka kumsikiliza mwandishi wa Ireland sharti apande matatu mapema, na kikao kikiwa cha jioni, atafute na pa kulala.

Waairishi wenyewe si wageni Ukambani. Dayosisi ya Kitui ilipoundwa 1964, askofu wake wa kwanza alikuwa William Dunne, mmisionari wa shirika la Kiltegan, aliyeiongoza hadi 1995. Lakini wamisionari hao walijulikana kwa misa, shule na dawa, si kwa riwaya.

Katiba ya 2010 iliweka maktaba mikononi mwa kaunti, kwa hiyo suala la kumwalika mwandishi ni la bunge la kaunti. Wapinzani watauliza: maji je? Hoja hiyo ina uzito mahali ambapo watu huchimba mchanga wa mto mkavu ili wapate mtungi mmoja. Hata hivyo, kikao cha vitabu hakigharimu kisima. Kinahitaji ukumbi, kipaza sauti, nauli na malipo ya msomaji.

Hamu ipo tayari. Vikundi vya maigizo huzunguka shuleni na vitabu teule. Meza za bwalo husukumwa ukutani, wanafunzi wakabanana, kiingilio kimelipwa. Ila hayo ni maandalizi ya mtihani, na aliyeandika hayupo wa kubishana naye.

Cha kuazima Ireland, basi, ni utaratibu zaidi ya mtu. Huko, kupitia Poetry Ireland, shule humwalika mwandishi na sehemu ya malipo yake hutoka fedha za umma. Mpango huo ukitumika hapa, ungewafaa kwanza waandishi wanaotoka nyumbani. Kilungu ilimzaa David Maillu, ambaye vitabu vyake vilinunuliwa kwa pupa miaka ya 1970 na kupigwa marufuku Tanzania. Mulango ilimzaa John Mbiti, aliyechapisha riwaya ya Kikamba mwaka 1954, akafariki 2019.

Mgeni bado ana nafasi, mradi asome pamoja na mwandishi Mkamba. Anatoka katika taifa ambalo lugha yake ilisukumwa kando na Kiingereza, na ambako Brendan Behan aliandika tamthilia kwa Kiairishi mwaka 1958 kabla ya kuitoa kwa Kiingereza. Mjadala wa kuandika kwa Kikamba ungepata hapo mtu mwenye la kusema, tofauti na mhadhara wa kawaida kuhusu umuhimu wa kusoma.

Mahali napo pana maana. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kwa Vonza, kina wanafunzi wa kujaza ukumbi, lakini mfanyabiashara wa mjini hatafunga duka afike huko. Maktaba ya Mwingi, Jumamosi alasiri, ingewafaa wengi zaidi, na kikao kikiisha kabla ya saa kumi na moja, waliotoka Kyuso watapata matatu za kurudi.