Kichekesho Kilichomvunjia Mwungwana Heshima

Sinema ya Coming to America ilipotoka Marekani mwaka 1988, ilivunja watu mbavu ulimwengu mzima. Eddie Murphy aliigiza Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika isiyopatikana katika ramani yoyote. Kijana huyo alikuwa na kasri, watumishi, na mchumba aliyechaguliwa na wazazi wake. Alipomwuliza bibi huyo anapenda nini, alijibiwa kwamba apendacho yeye Akeem ndicho atakachopenda. Kijana akamwamuru arukeruke kwa mguu mmoja na kubweka kama mbwa, naye akafanya! Watazamaji walicheka, lakini Akeem aliona msiba wa ndoa iliyokuwa ikimngoja.

Ndipo akafunga safari mpaka mtaa wa Queens, New York, yeye na rafikiye Semmi, aliyeigizwa na Arsenio Hall. Aliificha nasaba yake na mali yake, akawa mpiga deki katika mkahawa wa Bwana McDowell, ili apate mke wa kumpenda yeye mwenyewe, wala si taji lake. Akampata Lisa, binti wa mwenye mkahawa. Mizaha ilikuwa tele, na waigizaji wale wawili walijigeuza sura mara kadha wa kadha. Lakini chini ya kicheko palikuwa na mwungwana mwenye nia safi, na ndiyo sababu watu hawakumsahau.

Lazima tuseme kweli kwamba sinema hiyo haikuwa ya kutazamwa na mzazi pamoja na wanawe. Ilikuwa na matusi, na katika hamamu ya kasri wanawake walionyeshwa bila stara. Hata huko Marekani, kijana aliye chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia ila awe na mzazi au mlezi.

Mnamo Machi 2021 ikaletwa ya pili, Coming 2 America, iliyoongozwa na Craig Brewer badala ya John Landis. Kwa ajili ya maradhi ya korona, ilitolewa na kampuni ya Amazon ili watu waitazame nyumbani. Safari hii matusi yalipunguzwa, ikawekwa katika daraja nyepesi, ile inayowatahadharisha wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13. Mtu angesema: alhamdulillahi, sasa tutacheka pamoja na wana wetu. Kumbe ulimi umesafishwa, moyo umechafuliwa.

Hebu tutazame kisa chenyewe. Akeem anakaribia kurithi ufalme, na Mungu amemjaalia mabinti watatu kwa mkewe Lisa. Sheria ya Zamunda haimruhusu mwanamke kutawala, na Jenerali Izzi wa nchi jirani anatishia vita. Mara Akeem anaambiwa kwamba ana mwana wa kiume huko Queens. Alipatikana vipi? Watungaji walirudi katika safari ile ile ya zamani, wakapachika usiku ambao hatukuwahi kuuona: Akeem analevywa na mwanamke asiyemjua, anaingiliwa hali hana akili zake. Na tunatakiwa tucheke!

Hapo ndipo penye lawama yetu. Lau jambo hilo lingemfika mwanamke, nani angethubutu kulifanyia mzaha? Dhuluma haigeuki kuwa kichekesho kwa kuwa aliyedhulumiwa ni mwanamume. Tena hadithi yote ya kwanza ilisimama juu ya unyofu wa kijana yule. Ili wapate hadithi ya pili, watungaji waliung'oa msingi wa nyumba yao wenyewe.

Yale mengine ni marudio. Mwana huyo, Lavelle, anapelekwa Zamunda, anatafutiwa mchumba wa kifalme, anampenda msichana mtengeneza nywele, anakimbilia Queens, na baba anamfuata. Aliyeiona ya kwanza ameshaujua mwisho. Na yule mchumba wa kwanza, maskini, bado arukaruka akibweka baada ya miaka zaidi ya 30. Zamani mzaha ule ulituonyesha ubaya wa kumwoza mtu asiye na hiari. Sasa umebaki ukatili mtupu.

Hatusemi kwamba hakuna jema hata moja. Mavazi aliyoyabuni Ruth E. Carter yanapendeza macho. Mwendo wa madaha wa Wesley Snipes, aliye Jenerali Izzi, unachekesha kweli. Wazee James Earl Jones na John Amos, ambao wote wawili walifariki mwaka 2024, ilikuwa furaha kuwaona tena.

Jema zaidi liliachwa pembeni. Meeka, binti mkubwa wa Akeem, ni hodari na amejiandaa kutawala tangu utotoni. Baba yake, aliyewahi kuikataa mila ya wazazi, sasa ndiye anayemfungia binti mlango kwa mila iyo hiyo. Hicho ndicho kisa kilichostahili sinema nzima, na hakikuhitaji usiku wowote wa aibu. Lakini swali zito hilo lilimalizwa kwa dakika chache mwishoni.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sinema hii ilijitembeza kwa jina la dada yake. Watengenezaji wa michezo wajifunze kwamba hadithi huendelezwa kutoka pale palipobaki swali, si kwa kubomoa kilichokwisha jengwa. Na wazazi nao wasitosheke kusikia kwamba sinema fulani haina matusi. Wauliize pia: wana wetu wanafundishwa kucheka nini?