Mabaharia wa Bahari Kuu na Manahodha wa Ujiji

Tarehe 11 Juni 1876 mashua iliyoitwa Lady Alice iliondoka Ujiji kuelekea kusini. Siku 51 baadaye ilirejea ikiwa imelizunguka Ziwa Tanganyika, mwendo uliokadiriwa kuwa kilomita 1,300 hivi. Vitabu humpa sifa ya safari hiyo Henry Morton Stanley, na sifa yake haikatai mtu. Lakini usukani ulikuwa mikononi mwa Uledi, mmoja wa Waungwana walioandikwa kazi Unguja, na waongoza njia walikuwa watu waliolijua ziwa. Mmoja wao alikuwa amekwisha kusafiri na Cameron mwaka 1874. Hapakuwa na mshindani wala kombe. Hata hivyo kazi iliyofanywa na mabaharia wale ndiyo hasa inayofanywa leo na mabaharia wa mashua za tanga zinazoshindana kuvuka bahari kuu. Kazi hiyo imechunguzwa sana katika bahari za mbali, na kidogo mno katika ziwa hili.

Watu wengi waonapo picha za mashua za mashindano hudhani kwamba ushindi hutokana na tanga kubwa na mlingoti mrefu. Kwa kweli sehemu kubwa ya ushindi hutokana na mpango wa usingizi. Mashindano ya kuizunguka dunia kwa mashua zenye mabaharia wengi yalianzia Portsmouth, Uingereza, mwezi Septemba 1973, na katika mashindano hayo ya kwanza watu watatu walitupwa baharini wakapotea. Katika safari za namna hiyo mabaharia hugawanywa katika zamu. Aghalabu kundi moja hufanya kazi saa nne na jingine hulala saa nne, usiku na mchana, kwa majuma kadhaa mfululizo. Mtu aliyeamshwa ghafla katika usingizi mzito hawezi kukata shauri vyema kwa dakika kadhaa, hata akijiona yu macho. Kwa hiyo anayepokea zamu huamshwa mapema, akala, akanywa, akaketi kando ya anayemaliza mpaka macho yazoee giza na mwili uzoee mawimbi. Ndipo hukabidhiwa usukani.

Jambo la pili wanalofundishwa ni kupunguza tanga kabla ya haja. Nguvu ya upepo juu ya tanga haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali kwa mraba wa kasi hiyo. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukifika kilomita 40, mashua haisukumwi kwa nguvu maradufu bali mara nne. Nahodha anayengoja mpaka aone tanga limezidiwa amekwisha kuchelewa, maana sasa atawapeleka watu wake omoni wakati mbaya kuliko wote.

Agosti 1979 mashua 303 zilianza mashindano ya Fastnet, yanayokwenda kutoka Uingereza mpaka mwamba ulio kusini mwa Ireland na kurudi. Dhoruba ikazikuta njiani, na washindani 15 wakafa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo la kuhuzunisha: baadhi ya waliokufa walikuwa wameziacha mashua zao na kuingia katika vyombo vya mpira vya kujiokolea, na mashua walizoziacha zikakutwa baadaye zikielea. Tangu hapo mabaharia hufundishwa kwamba chombo kinachoelea, hata kikiwa kimevunjika mlingoti na kujaa maji nusu, hakiachwi. Funzo hilo lilinunuliwa kwa bei ghali, na hapana sababu ya watu wa Kigoma kulinunua tena.

Huenda msomaji akasema kwamba mashua hizo ni mchezo wa matajiri, na kwamba mvuvi wa dagaa hana haja nao. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa fedha, lakini haina uzito kwa upande wa maumbile. Mawimbi hayaulizi chombo kiligharimu kiasi gani.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na upana wa wastani wa kilomita 50. Limelala takriban kaskazini kwa kusini katikati ya milima. Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji unaoyapitia bila kizuizi. Kusi inapovuma kati ya Mei na Septemba ikifuata urefu wa ziwa, hupata mamia ya kilomita za kuyajenga mawimbi kabla ya kufika mwambao wa Ujiji, ulio wazi. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya reli ilipofika ziwani mwaka 1914 ikomee Kigoma, penye ghuba yenye kina na kinga. Tena ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, na maji yake matamu hayaelezi chombo kama maji ya chumvi. Chombo kilichopakiwa kwa desturi ya Bagamoyo kitazama zaidi kidogo Ujiji. Tofauti ni ndogo, lakini kwa chombo ambacho ukingo wake umebakiza shubiri moja juu ya maji, ndogo hiyo si ya kudharauliwa.

Juu ya kusi huongezwa pepo za kila siku. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani. Usiku milima hupoa, na hewa nzito huteremka kwenda majini. Wavuvi huijua saa ya mageuko hayo, wakajua pia rasi ambako hugeuka kwa ghafla.

Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walipenda kuandika kwamba wapiga kasia wa ziwani ni waoga na wavivu, kwa kuwa waliambaa na pwani na kukataa kuondoka. Mwaka 1858 Speke alipovuka kutoka upande wa Kabogo kwenda kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi, ilimlazimu kungoja hali ya hewa. Aliona kwamba anacheleweshwa. Lakini mtu anayekataa kuvuka maji mapana kwa mtumbwi mpaka upepo utulie hafanyi jingine ila lile linalofanywa leo na mashua za mashindano zinapochagua siku na njia kwa kufuata ramani za hewa. Tofauti ni kwamba elimu ya hawa imeandikwa, na ya wale ilibaki vichwani.

Ubaya ni kwamba vichwa hivyo vinapungua. Kijana anayeendesha boti la mbao lenye mashine kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kusini ana nguvu ambayo babu yake hakuwa nayo, na kwa sababu hiyo haoni haja ya kungoja. Mara nyingi huendesha peke yake usiku kucha. Msaidizi yupo, lakini kazi yake ni kufua maji na kupokea mizigo, wala hakufundishwa kushika usukani. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kongo wa ziwa hili, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Baada ya misiba hulaumiwa uchakavu wa chombo na wingi wa abiria, na ni haki vilaumiwe. Ni nadra kuulizwa nahodha alikuwa amelala saa ngapi.

Upepo huo huo ndio unaowalisha watu. Kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kusini maji ya chini yenye rutuba hupanda. Hapo huanzia chakula cha dagaa na migebuka. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto na mchanganyiko wake na maji ya chini umepungua. Kipimo cha upepo kilichowekwa kwenye rasi kwa ajili ya usalama wa mabaharia kingemfaa vilevile mtaalamu wa samaki, kwa gharama ile ile.

Utabiri wa hewa unaotolewa kwa ziwa zima ni msaada, lakini hauwezi kusema rasi fulani itakuwaje saa nane usiku. Pengo hilo lingezibwa na vipimo vichache vilivyowekwa mahali ambapo manahodha wenyewe wamepachagua, na daftari la upepo linaloandikwa kila siku pale Kibirizi, Katonga na Ujiji. Chuo cha uvuvi kipo Kigoma, na wanafunzi wake wanajua kusoma na kuandika. Wazee wanaojua pepo wapo Ujiji. Baadhi yao macho yamekwisha fifia, lakini kumbukumbu ingali nzima. Daftari likifunguliwa mwezi Mei, kusi inapoanza, ukurasa wa kwanza unaweza kujazwa jioni ile ile.