Kabla ya Kuiogopa Mbegu, Tuitazame Pampu

Wakulima wenzangu wa Timboroa, pamoja nanyi nyote mnaolima viazi kutoka Mau Summit hadi Burnt Forest, zogo la vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, limepita vichwani mwetu zaidi ya miaka kumi sasa. Wamesema mawaziri, wamesema mawakili, wamesema maprofesa na wahubiri. Mkulima wa waru hajaulizwa, naye hajajitokeza. Nawahimiza tujitokeze, lakini tusiende na maneno ya kuokota sokoni, kwamba ukila mahindi ya GMO hutazaa.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Novemba 2012 baraza la mawaziri la Rais Kibaki lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo. Kilichowatisha ni utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini, aliyewalisha panya mahindi ya namna hiyo akatoa picha za panya wenye uvimbe wa kutisha. Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha likauondoa, kwa kuwa panya waliotumiwa walikuwa wachache mno, tena wa jamii ambayo hupata uvimbe yenyewe ikizeeka. Utafiti ukaondoka, marufuku ikabaki. Oktoba 2022, nchi ikiwa katika ukame mkali, baraza la Rais Ruto likaiondoa. Mwezi uliofuata Moses Kuria, aliyekuwa waziri wa biashara, akatangaza kwamba yataagizwa magunia milioni 10 ya mahindi, kisha akafanya mzaha kwamba Kenya ina mengi ya kumwua mtu, hata GMO ikiongezwa si neno.

Nadhani mzaha ule uliharibu zaidi kuliko panya wa Séralini. Mtu akishakutania juu ya chakula cha wanao, hata akija kesho na ukweli mkononi utamfungia mlango. Kesi za kupinga kuondolewa kwa marufuku zikafuata. Mwaka 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliitupa kesi ya Chama cha Mawakili. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uagizaji, rufaa ya Kenyan Peasants League isikizwe kwanza. Majirani nao hawajatulia. Bunge la Uganda limepitisha mswada wa jambo hili mara mbili na Rais Museveni akakataa kutia sahihi mara zote mbili. Tanzania ilisimamisha majaribio yake ya mazao hayo.

Sasa angalieni: kelele karibu zote ni za mahindi. Sisi tuko huku juu, futi 9,000 na kitu kutoka usawa wa bahari, penye stesheni ya reli iliyosifiwa zamani kuwa ya juu kuliko zote katika himaya ya Waingereza. Mahindi yetu hukaa shambani miezi minane, tisa, na jalidi ikiyachoma tunabaki na mabua ya ng'ombe. Karo inalipwa na viazi. Na adui wa viazi ni ukungu ule tunaouita blaiti, ambao mwaka 1845 uliingia Ireland, na njaa iliyofuata ikaua watu wapata milioni moja. Hali ya hewa inayoupendeza ndiyo hii yetu, baridi na ukungu wa asubuhi usiotaka kuinuka. Jumatatu unaona doa moja jeusi kwenye jani. Kufikia Jumapili shamba lanuka uvundo.

Tunafanyaje? Tunapiga dawa. Mvua ikiiosha, tunapiga tena. Msimu wenye mvua nyingi, aina ya viazi iitwayo Shangi yaweza kupigwa kila wiki, kwa sababu Shangi, pamoja na sifa zake zote za kukomaa upesi na kuiva upesi jikoni, haina kinga ya kutosha. Mtazameni kijana wa kibarua aliyebeba pampu ya lita 20. Anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, na kipimo akiona hakitoshi anaongeza kingine cha bahati. Anakoroga kwa kijiti, pengine kwa mkono. Hana glavu, hana barakoa; ana sweta iliyoloa mgongoni pampu inapovuja. Ncha ikiziba anaifungua, anaipuliza kwa mdomo, anatema mate, anaendelea. Jioni anabeba mtoto kwa sweta ileile. Ndani ya pampu mara nyingi mna mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya ulikataa kuirudishia kibali mwishoni mwa mwaka 2020 kwa kuhofia madhara yake katika uzazi na homoni.

Kwenye kiazi chenyewe dawa hiyo haifiki kwa wingi, kwa kuwa kimo udongoni. Anayeila ni mpigaji. Lakini kabichi iliyopigwa Jumatatu na kukatwa Jumatano ili iwahi malori barabarani ni habari nyingine, na wenye kabichi tunajuana.

Mwaka 2022, Januari, mikahawa ya KFC iliishiwa na chipsi kwa kuwa viazi vyake vilitoka ng'ambo na meli zikachelewa. Ikasema viazi vya Kenya havijapitia utaratibu wake wa ubora. Tulikasirika nchi nzima, na hasira ilikuwa ya haki. Hata hivyo, nani kati yetu angeweza kumwonyesha mkaguzi daftari la dawa alizopiga, tarehe na kipimo?

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema mbegu mpya ikataliwe ili chakula chetu kibaki safi. Usafi huo hatunao. Wanasayansi wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, pamoja na wenzao wa Uganda, walichukua jeni tatu kutoka kwa viazi-mwitu vya Amerika, wakazitia katika aina iitwayo Victoria, nacho kikastahimili blaiti shambani bila kupigwa dawa ya ukungu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Jeni hizo zilitoka kwa jamaa wa kiazi, si kwa mnyama. Hapa kwetu, shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, limekuwa ikiijaribu Shangi ya namna hiyo. Ikitoka, haitakwenda Makueni wala Kitui. Itakuja hapa.

Na ikija, tusiipokee kwa kupiga makofi. Blaiti hubadilika, jeni moja pekee huushinda mwaka mmoja na kushindwa mwaka mwingine, ndiyo sababu zikawekwa tatu, na hata tatu zahitaji kulindwa. Mnyauko wa bakteria haziugusi kabisa, hivyo mwenye kupanda mbegu iliyoambukizwa atalia vilevile. Sheria inataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiwekewe lebo. Lakini Shangi hiyo na ya kawaida zitafanana gunia kwa gunia, na dalali ambaye mpaka leo anaturundikia viazi vya ziada juu ya gunia kama kilemba cha mukorino, ingawa kanuni za 2019 zasema kilo 50, sitegemei atatenganisha viazi kwa jeni. Anayetaka kulima bila mbegu hiyo ana haki yake, naye atahitaji kulindwa kwa njia iliyo wazi kuliko lebo ya karatasi.

Kubwa zaidi ni umiliki. Mahindi ya haibridi tumezoea kuyanunua kila mwaka. Kiazi si hivyo: tunapanda vile vidogo vilivyobaki baada ya kuuza, au tunaomba kwa jirani. Bangladesh ilipokubali bilinganya yake iliyobadilishwa jeni mwaka 2013, ilichagua aina ambazo mkulima anaweza kujiwekea mbegu. Tudai hivyo hivyo, kwa maandishi, kabla ya gunia la kwanza kufika, wala tusikubali ahadi ya mdomo kwenye siku ya maonyesho ya wakulima.

Sheria ya Usalama wa Viumbe ya 2009 inatoa nafasi ya maoni ya umma ombi la kibali linapopelekwa kwa mamlaka ya usalama wa viumbe, NBA. Tangazo lenyewe huchapishwa kwa Kiingereza kwenye pembe ya gazeti. Tumwagize mwakilishi wetu wa wadi alilete barazani, lisomwe kwa lugha tunayoielewa sote, afisa wa kilimo akiwa hapo mbele, na kila mmoja aulize lake. Langu nimeshaliandika: nikimgawia jirani debe moja la mbegu hiyo, je, nitakuwa nimevunja sheria?