Motokari ikikataa kuwaka, usipigane nayo

Ndugu mfanyakazi, kazini kuna sheria moja ambayo hakuna mtu anayeichezea: kabla ya kugusa mashini, umeme unakatwa, kufuli inafungwa, na kila mmoja anaweka ufunguo wake mfukoni. Lakini mtu yule yule, asubuhi mbele ya nyumba yake, motokari ikikataa kuwaka, anasahau yote. Anatia turnevisi kwenye demareri, cheche zinaruka, na watoto wamesimama kando wanatazama. Sisi tunasema wazi: usalama hauachwi mlangoni mwa kampani pamoja na kofia ya kazi.

Wengine watajibu: «Batri ya motokari ina volti 12 tu, haiwezi kuua mtu.» Ni kweli, volti 12 hazimtupi mtu chini. Lakini hatari haiko katika volti. Demareri inavuta ampere zaidi ya 100. Turnevisi ao pete ya ndoa ikiunganisha ncha mbili za batri, chuma kinakuwa moto mara moja na kidole kinaungua vibaya. Tena, batri inapojazwa inatoa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuipasua. Na ndani ya batri mna asidi, ambayo ikirukia macho inaweza kuleta upofu. Mwisho, ukiwasha kwa turnevisi na motokari iko katika vitesi, itaruka na kumponda aliye mbele yake.

Basi ufanye nini? Vua pete na saa. Vuta freni ya mkono, toa vitesi, fukuza watoto, zima sigara. Kisha washa taa za mbele, zungusha ufunguo, tazama na kusikiliza. Motokari yenyewe itakuambia ugonjwa wake.

Taa zikififia sana ao kuzimika, batri haina nguvu, ao ncha zake zimelegea ao zimeshika unga mweupe. Ukisikia tik-tik-tik ya haraka, ni vile vile. Ukisikia «tak» moja nzito na taa zinabaki kali, shaka iko kwa demareri. Kukiwa kimya kabisa na taa zinawaka vizuri, tafuta fusibli, kamba nyembamba inayoenda kwenye demareri, ao mahali pa ufunguo. Na moteri ikizunguka kwa nguvu bila kushika, usilaumu batri: tafuta moto wa buji ao esansi, wala usizungushe mpaka batri iishe.

Fusibli iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampere zile zile. Msumari ao kipande cha waya si fusibli. Ni njia ya kuchoma motokari nzima.

Ukitaka kusafisha ncha za batri, fungua kwanza ile ya kutoa (−), na uirudishe ya mwisho. Ukiazima nguvu kwa jirani, kamba nyekundu ianze kwenye (+) ya batri iliyokufa, kisha (+) ya batri nzima. Kamba nyeusi ifungwe kwenye (−) ya batri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha moteri iliyokufa, mbali na batri. Hivyo cheche ya mwisho hairukii penye gesi. Usiinamishe uso juu ya batri.

Tunaongeza neno juu ya mfuko wako. Wengi wananunua batri mpya kila mara kwa sababu hawakupima. Batri nzuri iliyolala usiku inaonyesha volti 12,6 hivi. Chini ya 12 imekwisha. Moteri ikizunguka, kipimo kipande mpaka karibu 14. Kisipopanda, alternatere haijazi, na batri mpya itakufa kama ile ya kwanza. Fundi mwenye kipimo anakugharimu kidogo kuliko batri mbili.

Na wewe mama wa nyumba, neno hili ni lako pia. Asidi ikimrukia mtoto, mwoshe mara moja kwa maji mengi safi, si chini ya dakika 15, vua nguo zilizolowa, kisha mpeleke kwa daktari. Batri ya zamani isiwe kiti cha watoto wala isivunjwe uani ili kuuza risasi yake. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, kwa sababu ya vumbi la risasi ya batri zilizovunjwa karibu na nyumba zao. Hakuna aliyetaka kuwaua. Watu walikuwa wakitafuta pesa ya chakula.

Ndugu, kuchelewa kazini kunaelezeka kwa mkubwa wako. Jicho lililoungua halielezeki kwa mtu, wala halirudi. Asubuhi motokari ikikataa, chukua dakika kumi za kutafuta sababu. Usipoipata, panda basi, umwite fundi jioni. Haraka haraka haina baraka.