Mwenye Nguvu Mpishe?

Wahenga walinena: mwenye nguvu mpishe. Sina ugomvi nao, ila atembeaye kwa miguu mjini Kitui au Wote siku ya soko huona kwamba methali hiyo imegeuzwa sheria ya barabara. Bodaboda humpisha nani? Arukaye mtaroni ni mama aliyebeba gunia la ndengu.

Mwaka 1716, mshairi Mwingereza John Gay alitoa shairi refu la tashtiti liitwalo Trivia, juu ya sanaa ya kutembea katika mitaa ya London, mji mkongwe uliofurika watu, matope na wezi. Gay alijifanya mwalimu wa watembeaji: alieleza viatu vya kuvaa, dalili za mvua, hatari za mchana na za usiku. Kichekesho chake ni kulivika jambo dogo kama kutembea fahari ya mashairi makuu ya kale. Lakini ndani ya kicheko mna hukumu: tajiri hupita katika gari la farasi, na matope ya magurudumu humwishia maskini.

Zaidi ya hayo, upande wa ukutani ndio uliokuwa salama. Gay anataka mtembeaji awaachie upande huo mzee, kipofu na hamali aliyeelemewa na mzigo. Yaani, asiye na nguvu ndiye apishwe!

Wapo watakaosema kwamba Wote si London. Ni kweli, na hiyo ndiyo bahati yetu. London ilikuwa imekwisha kujengwa. Miji yetu ingali inajengwa, na njia ya miguu ni rahisi kutengwa kabla vibanda havijaijaza. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti barabara zake, taa za mitaani na maegesho ya magari, kwa hiyo wa kuulizwa hawako mbali. Wala swali si la mzaha: nchini Kenya, kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu.

Nawasihi walimu wa fasihi wasiishie kwenye vina na mizani. Wawatume wanafunzi kutoka sokoni hadi kituo cha matatu, kisha watunge tashtiti ya waliyoyaona. Tashtiti si matusi, ni kipimo. Na kipimo cha mji ni hiki: humpisha nani?